Mtoto wa miezi 13 hanyooshi kidole, atuvuta mkono tu. Wenzangu mlifanyaje?

#1 MamaKijana_Kisauni

Salaam aleikum, na wengine hamjambo. Naandika mbiombio kabla hajaamka.

Kijana wangu ametimiza miezi 13 juzi. Anatembea akishika kochi, anakula kila kitu hadi mchuzi wa mbaazi, anacheka mpaka kwikwi zinamshika. Maneno hana, na hilo halinisumbui sana kwa sababu hata mimi naambiwa nilichelewa. Kinachoninyima usingizi ni mikono yake. Binti wa wifi yangu wamepishana wiki tatu tu. Huyo akitaka kitu anakinyooshea kidole, ukimwambia "mpungie babu" anapunga, akiona paka ukutani lazima na wewe umwone. Wangu akitaka maji anashika kidole changu, ananiburura hadi mezani, kisha anauweka mkono wangu juu ya jagi kama vile mkono wangu ni upawa. Usoni haniangalii. Akishapata maji, basi, hanijui tena.

Tunakaa nyumba ya familia, watu tisa. Mama mkwe amesema wavulana huchelewa, nimwache. Siku ya chanjo nilijaribu kuuliza kliniki, foleni ilikuwa imefika nje kwenye jua, muuguzi akapima uzito, akaandika, akaita mwingine. Simlaumu.

Halafu kuna hili. Jumapili walikuja wageni, mtoto akanyoosha mkono kuelekea kwa mmoja wao. Sijui alikuwa anaonyesha au anajinyoosha tu. Mama mkwe akaukunja ule mkono hapo hapo: "Watu hawanyooshewi vidole." Sasa mimi nifundishe kidole au nifundishe adabu?

#2 BabaPacha_Mikindani

Dada, mtoto hata meno hajamaliza ushamtafutia ugonjwa. Pacha wangu walinyamaza hadi miaka miwili. Leo nalipa pesa watu wanikalie nao nipate kimya.

#3 MwalimuWaWadogo

Nafanya kazi na watoto wanaochelewa kusema, Tudor na nje ya Tudor, mwaka wa 11 huu. BabaPacha, pacha wako walinyamaza, lakini nina hakika walikuwa wakikuonyesha vitu. Walikuwa hawaonyeshi?

Mama, yatenganishe mambo mawili. Kutokuwa na neno katika miezi 13 si neno. Mikono ndiyo ya kuangalia, na umeangalia vizuri kuliko wengi wanaokuja kwangu.

Mtoto husema kwa mikono kabla ya ulimi. Miezi 9 hivi anaanza kukupa alichoshika, anatikisa kichwa kukataa. Miezi 10 anainua mikono apakatwe. Kwenye 11 anakuonyesha kitu bila kukiachia (ukikivuta analia, ndiyo raha yenyewe) na anaanza kupunga. Mwaka ukitimia ananyoosha mkono mzima, vidole vyote vitano. Kile kidole kimoja cha shahada kinachotusumbua sote mara nyingi hukaa sawa baadaye kidogo, kwenye miezi 14 hivi, ingawa wako wanaowahi. Amy Wetherby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida State, Marekani, wana kipimo chepesi wanachowapa wazazi: ishara 16 kufikia miezi 16. Usiifanye mtihani, watoto hawaendi kwa saa. Ila inakupa picha.

Na vidole ni viwili. Kuna kidole cha "nipe" na kuna kidole cha "tazama". Mtafiti wa lugha ya watoto Elizabeth Bates na wenzake walivitenganisha miaka ya 1970, na mpaka leo sisi tunaofanya kazi hii twauliza hivyo hivyo. Cha "nipe" hata mtoto mwenye shida nyingi anaweza kukipata. Cha "tazama" ndicho kinachotuambia kwamba anajua wewe nawe una macho na una moyo wa kufurahi naye. Mtoto anayeona paka, akamnyooshea kidole, kisha akageuka kuona kama umemwona, huyo ameshaanza mazungumzo. Lililobaki ni sauti.

Kukutumia mkono wako kama upawa bila kukuangalia ni jambo la kupeleka kwa mtu aangalie. Sitalipa jina hapa, na atakayelipa jina humu ndani usimsikilize. Nijibu kwanza: anainua mikono apakatwe? Ukimwita jina anageuka?

#4 MamaKijana_Kisauni

Anainua mikono, ndiyo. Makofi anapiga redio ikiimba. Kichwa anatikisa akishiba. Kupunga hana, kunipa kitu hana, kunionyesha hana. Jina... mara anageuka, mara kama hasikii. Akisikia karatasi ya biskuti anageuka kutoka chumba cha pili, sasa sijui.

#5 NyanyaWaKuze

Mimi nimelea saba na wajukuu siwahesabu. Hizi habari za Florida sizijui, lakini mambo yenyewe nayajua, twali tukiyafanya bila kuyaita majina.

Mwana wa Mombasa kabla hajasema "mama" ashafundishwa aamin. Dua ikisomwa, wamweka mapajani, wamshika mikono miwili mbele ya kifua, ukisema aamin wampangusa uso. Siku ya tatu ya nne yuaanza mwenyewe. Wa kwangu wa mwisho alikuwa akisikia mtu yeyote ainua sauti, hata mchuuzi wa samaki, ajipangusa uso. Twacheka mpaka machozi. Na akija mkubwa wambusu mkono, na mwana naye aletwa abusu mkono. Leso wajifunika uso, wajifunua, yeye apasua kicheko, mwisho yuaivuta ile leso mwenyewe akutaka ufanye tena. Si kusema huko?

Ama la kidole, mkweo hakukosea. Sisi tuliambiwa ukinyooshea kaburi kidole lazima ukiume, na maboga machanga ukiyanyooshea yaoza. Lakini adabu ya mwana wa mwaka mmoja ni nini jamani? Mfundisheni mkono mzima. Mtu mzima hapa kwetu akikuonyesha mtu hutumia kiganja kizima, si kidole. Paka na meli na mwezi havina uadui, hivyo anyooshe kidole apendavyo.

#6 MwalimuWaWadogo

Bibi, shikamoo. Umenisomea nusu ya kazi yangu. Mkono mzima ni ishara halali kabisa na ndio huja kwanza. Mama, mwambie mama mkwe hivyo kwa maneno ya NyanyaWaKuze, usiyaseme kwa maneno yangu, utaleta vita.

#7 MamaKijana_Kisauni

😂 Nimemsomea. Akauliza huyo nyanya ni wa nyumba gani Kuze.

Sasa niambieni nifanye nini hasa, kitu cha kufanya kesho asubuhi. Kitabu cha mama na mtoto kina ukurasa unaosema mtoto afanye nini umri gani. Hakiniambii mimi nifanye nini.

#8 MwalimuWaWadogo

Nitaandika kirefu, wenye haraka wapite.

La kwanza ni la nyumba, si la mtoto. Watu tisa maana yake mikono 18 inayongoja kumhudumia. Hajalia, keshapewa. Hajafika kwenye jagi, kikombe kiko mdomoni. Ni mapenzi, lakini mtoto asiyekosa kitu hana sababu ya kuomba. Kwa hiyo mpe sababu. Weka biskuti kwenye kopo la plastiki linaloonyesha ndani, kifuniko kikaze, mpe kopo. Ndiyo, mpe. Atalipindua, ataligonga sakafuni, ataling'ata. Wewe kaa chini mbele yake, uso wako usawa wa uso wake, kiganja wazi, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa, kumi ni ndefu sana mtoto akikukunjia uso. Akikusogezea kopo hata kwa kukutupia, hilo ni "nipe msaada". Sema "Fungua!", fungua haraka, mpe kipande kidogo. Kidogo, ili kopo lirudi tena. Mkifanya mara tano kwenye biskuti moja mmefanya kazi kubwa. Lakini usimtese. Akianza kulia umeshachelewa, fungua.

Akikuburura mkono, nenda naye, usigombe. Mkifika kwenye jagi usimimine. Chuchumaa uso wako uwe kati yake na jagi. Akikutazama hata kwa nukta moja, sema "Maji!" huku wewe mwenyewe ukilinyooshea jagi kidole, kisha mimina. Unambadilishia njia polepole, hujamfungia mlango.

La pili, nyie wakubwa tumieni mikono. Ukisema "njoo" kiganja kiite. "Kwisha" mikono miwili hewani. "Moto!" unarudisha mkono na kupuliza. "Kubwaaa" mikono ifunguke. Pwani hatuna shida ya mikono, kaa baraza yoyote Mji wa Kale utazame wazee wakibishana mpira. Shida ni kwamba siku hizi mkono mmoja uko kwenye simu. Mwaka 2009 Meredith Rowe na Susan Goldin-Meadow walichapisha katika jarida la Science habari za familia 50 za Chicago walizozirekodi nyumbani watoto wakiwa na miezi 14. Watoto waliokuwa na mambo mengi ya kusema kwa mikono ndio waliokuwa na msamiati mkubwa walipofika miaka minne na nusu. Na watoto wenye ishara nyingi walikuwa wa wazazi wenye ishara nyingi. Hiyo haithibitishi kwamba ishara peke yake ndiyo iliyoleta maneno, lakini haigharimu kitu, na mimi naiamini.

La tatu ndilo ningekuwekea peke yake kama ningeruhusiwa moja tu. Akionyesha chochote, kwa mkono, kwa macho, kwa kidevu, kipe jina palepale. "Paka. Paka amelala." Usimuulize "hiyo nini? sema paka! sema!" Hiyo ni kumhoji. Yeye ameuliza, wewe jibu.

Televisheni na simu ziwe mbali naye. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa mwaka mmoja hafai kukalishwa mbele ya skrini. Skrini haingoji kumi.

#9 FundiChangamwe

Nauliza tu. Tukimzoesha kuomba kwa mikono na anapata, ataona haja gani ya kusema? Si tunamfanya bubu kwa hiari yetu?

#10 MwalimuWaWadogo

Swali zuri, na naulizwa kila wiki. Ni kinyume chake. Mtafiti aitwaye Jana Iverson, pamoja na yule Goldin-Meadow, mwaka 2005 walionyesha kwamba jina la kitu mara nyingi hupita mkononi kabla ya kufika mdomoni. Na sentensi ya kwanza ya mtoto ni nusu mkono: ananyooshea kiatu kidole huku anasema "baba". Kiatu cha baba. Ndiyo hiyo, maneno mawili, moja liko kidoleni. Baada ya hapo huja maneno mawili ya mdomo. Na wewe fundi, ukimweleza mteja bomba limepasuka wapi unaweka mikono mfukoni? Hata waliozaliwa vipofu hutumia mikono wakizungumza.

Ila nisiongeze chumvi. Kuna wanaouza kozi za ishara za watoto wachanga mtandaoni, ati mtoto atasema mapema. Ushahidi wa hilo ni hafifu. Hazimdhuru, lakini pesa hiyo nunua matunda.

#11 UkweliMchungu254

Mpelekeni mtoto akakatwe kimeo na uzi wa chini ya ulimi. Kuna mzee anafanya. Wa dada yangu alisema wiki hiyo hiyo.

#12 NyanyaWaKuze

Weh! Wembe kwenye koo la mwana kwa sababu hajapunga mkono? Kwa ajili gani?

#13 MwalimuWaWadogo

Kimeo hakina kazi ya kuzuia usemi, na mtoto anaweza kuvuja damu au kupata maambukizi mabaya akafa nayo. Uzi wa ulimi kama unaukaza kweli, daktari atauona na atasema. Tena mama hapa anazungumzia mikono. Mkono haukatwi kimeo. Naomba tuliache hapo.

#14 MamaWaMalaikaWangu

Nimekuwa msomaji tu humu, leo naandika kwa sababu ya ile "mara anageuka, mara kama hasikii".

Binti yangu alikuwa hivyo hivyo. Mlango ukibamizwa anaruka, kijiko kikianguka anageuka, jina lake kimya. Tukasema mkaidi. Kumbe alikuwa akisikia baadhi ya sauti, za maneno zinampita. Tulipompima alikuwa na miaka miwili na nusu, na ile miaka miwili siipati tena. Dada, mpime masikio KWANZA, kabla ya kopo na biskuti. Maji yanayobaki ndani ya sikio baada ya mafua tu yanatosha kumziba mtoto. Omba barua kliniki ikupeleke kitengo cha masikio, pua na koo, hospitali ya rufaa ya Coast General wanacho. Pia kuna vituo vya EARC vya Wizara ya Elimu, vipo tangu 1984, kazi yao ni kutathmini watoto, usidhani ni vya watoto wa shule pekee.

Nyumbani kwetu sasa sote tunatumia Lugha ya Ishara ya Kenya. Baba yangu mwenye miaka 70 na kitu alijifunza kwa ajili yake, vidole vyake vimekakamaa kwa sababu ya kazi ya bandarini, kwa hiyo ishara zake zina lafudhi. Binti humcheka. Na anayedhani ni lugha ya huruma asome katiba ya 2010, imetajwa pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge.

#15 BabaPacha_Mikindani

Mwalimu uliniuliza swali nikanyamaza. Nimekumbuka. Walikuwa wakionyesha, tena sana. Kuna Jumapili niliwapeleka Lighthouse, wana kama mwaka na miezi miwili. Meli ya makontena ikawa inaingia Kilindini, mnajua pale zinavyopita karibu, kama jengo linatembea. Mmoja alikuwa na muhogo wa kukaanga mkononi. Akaacha kutafuna. Akanyoosha mkono ule ule wenye muhogo, akanigeukia, akageukia meli, akanigeukia tena, mdomo wazi, muhogo unaanguka. Nikasema "Meli!" Akashusha pumzi kama mtu aliyekuwa anangoja kuambiwa. Mwenzake hakuona meli, alikuwa anaangalia muhogo ulioanguka.

Dada samahani kwa #2. Mpime masikio.

#16 Mshomali_wa_Bondeni

Swali la haraka: kwetu Kisomali, kwa jirani Kiswahili, shule Kiingereza. Nipunguze lugha?

#17 MwalimuWaWadogo

Usipunguze. Lugha nyingi hazisababishi mtoto kuchelewa. Zungumza naye ile unayotania nayo vizuri.

#18 MamaKijana_Kisauni

Nimerudi, wiki tatu na siku kadhaa. Samahani kwa kimya, nyumba ilikuwa na mafua.

Kopo: siku mbili za kwanza alilipiga teke likaingia chini ya kabati. Siku ya tatu akalivuta akaniwekea mapajani, hakunitazama, lakini aliniwekea. Nilifungua nikasahau hata kusema "fungua" kwa furaha. Sasa hulileta kwa yeyote aliyekaa chini, hata kwa mgeni, na mara mbili ameinua macho akingoja. Kazi ngumu ilikuwa watu wazima. Shemeji yangu hawezi kuhesabu hadi kumi, anafika nne anafungua. Tumemfanyia kikao.

Aamin ya NyanyaWaKuze imeshika haraka kuliko yote. Anajipangusa uso hata mtangazaji wa habari akimaliza.

Kupunga bado. Kidole bado. Kuburura mkono kumepungua kidogo, siongezi. Kliniki nilirudi asubuhi mapema kabla ya foleni, muuguzi mwingine, nikamsomea orodha niliyoandika kwenye karatasi: hapungi, haonyeshi, hatoi, jina mara ageuka mara hageuki. Alikaa akanisikiliza, akaangalia masikio kwa tochi, akaandika barua. Tunapimwa Alhamisi ijayo, na EARC baada ya hapo.

Na jana. Nilikuwa uani naanika nguo, mama mkwe amekaa kwenye kigoda na mtoto mapajani akichambua mchele. Paka yule wa jirani, mwenye mkia uliokatika, akaruka juu ya ukuta. Mtoto akanyoosha mkono wote, vidole vimetawanyika kama anataka kushika hewa, akabaki hivyo. Mimi nikaganda na nguo mikononi, nahesabu. Nikafika sita. Akageuza shingo akamtazama bibi yake usoni.

Mama mkwe hakuukunja ule mkono. Alisema, "Paka huyo, baba. Paka mwizi."

#19 NyanyaWaKuze

Mwambie mkweo mimi ni wa karibu na msikitini, aulize tu. Na Alhamisi utwambie.